Ngozi ya Zamani, Umbo Jipya: Mwongozo wa Kuwamba, Kufunga na Kukaza Ngozi Iliyokwisha Kutumika

Maswali ninayoletewa na wabunifu wanaoanza hayabadiliki. "Nimeloweka ngozi ya sofa, nikaiwamba juu ya bakuli hadi ikakauka, lakini nilipoibandua ikalegea kama kitambaa. Nimekosea wapi?" "Nimeitia kwenye maji ya moto ikajikunja ikawa ngumu kama ganda. Inarekebishika?" "Mkanda wangu umetoka madoa meusi. Yametoka wapi?"

Jibu langu kwa wote ni kwamba walianza na maji kabla ya kuijua ngozi yenyewe. Ngozi mpya ukiinunua, muuzaji anakwambia imesindikwa kwa nini, ina unene gani na ilitoka sehemu gani ya mnyama. Ngozi uliyoifumua kwenye koti la miaka ishirini iliyopita haina wa kuisemea. Inabidi uihoji mwenyewe, na mahojiano hayo ndiyo nusu ya kazi. Nimeyaweka mwanzoni kwa makusudi, kwa hiyo usiruke hatua ya 2 hata kama mikono inawasha kuanza kuwamba.

Andaa hivi kwanza

Ngozi yenyewe: mikanda ya zamani, mikoba, mabuti, makoti, sofa, matandiko ya farasi, au mabaki ya karakana. Kwa kazi ya kuwamba, unene wa milimita 2 hadi 3 unafaa zaidi. Kwa kazi ya kufunga gololi, yaani kuifunika gololi kwa ngozi na kuikaza kwa uzi ili ngozi ibaki na kinundu, tafuta milimita 1 hadi 1.5.

Vifaa vya kukata na kushona: kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, kitoboleo, sindano mbili zenye ncha butu, uzi mnene uliopakwa nta, na kifaa cha kufumulia nyuzi.

Vya kuumbia: beseni, sponji, kipimajoto cha jikoni, mifuko ya plastiki, vibanio vya nguo, kijiko cha mbao chenye mgongo laini, ubao, na misumari midogo ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu. Msumari wa chuma cha kawaida usiusogeze karibu na ngozi iliyolowa maji. Sababu utaiona hivi punde.

Vya majaribio na usafi: siki nyeupe, kipande cha waya laini wa chuma wa kusugulia sufuria (uwe ule unaoshika kutu), sabuni laini, spiriti, msasa wa namba 220, 400 na 600, na vitambaa vyeupe vya pamba.

Kalibu: kitu chochote kigumu chenye umbo unalolitaka. Jiwe la mtoni, bakuli la mbao, chupa, kalibu ya kiatu, hata kipande cha mti ulichokichonga mwenyewe. Mbao ni bora kuliko kauri au plastiki, kwa kuwa mbao hunywa maji na kuisaidia ngozi kukauka kutoka ndani.

Na daftari. Kila ngozi ya zamani ina tabia yake, na usipoandika nyuzijoto, sekunde na vipimo, jaribio zuri lililotokea leo hutaweza kulirudia kesho.

Hatua ya 1: Fumua, usikate

Kishawishi ni kuchukua mkasi na kukata pembeni mwa mshono ili umalize haraka. Vumilia ufumue. Upindo uliofunuliwa hukupa sentimita mbili au tatu za ngozi ambayo haijapigwa na jua wala kuguswa na jasho, na mara nyingi ndiyo ngozi nzuri kuliko zote kwenye koti zima. Pia utauona ukingo uliofichwa, ambao tutauhitaji kwenye majaribio.

Ukishafumua, itazame ngozi dhidi ya mwanga. Zungushia penseli matundu ya sindano, mipasuko midogo na sehemu zilizosagika. Halafu shika kipande kwa mikono miwili uvute upande mmoja, kisha upande wa pili. Upande mmoja utanyooka zaidi, uchoree mshale. Ngozi ya mgongo wa mnyama ni imara na hainyooki sana, ya tumbo hunyooka ovyo. Kwenye vipande vya zamani huwezi kujua vimetoka wapi, ila mkono utakwambia.

Sasa kunja kona moja, uso wa ngozi ukiwa nje. Ikitoa nyufa ndogo juu tu, bado ina uhai. Ikipukutika unga mwekundu kama vumbi la tofali, iweke kando. Hiyo ni ngozi ya magome (iliyosindikwa kwa magome ya miti, utaiona hatua ya 2) iliyoliwa na asidi kwa miaka mingi, nyuzi zake zimekatika, na hakuna mafuta wala gundi itakayozirudisha. Imenisikitisha mara nyingi kuiacha ngozi nzuri ya mkoba wa kale kwa sababu hiyo, lakini ukiiloweka itakuwa uji mikononi mwako.

Hatua ya 2: Ijue ngozi yako

Kwa kazi yetu kuna makundi mawili makubwa. La kwanza ni ngozi iliyosindikwa kwa magome na majani ya miti, yaani kwa tanini. Hii hunywa maji, hufinyangika kama udongo, na ikikauka hubaki na umbo. La pili ni ngozi iliyosindikwa kwa chumvi za kromu. Augustus Schultz alipata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya njia hiyo nchini Marekani mwaka 1884, na leo makoti, sofa, mikoba laini na sehemu za juu za viatu vingi hutengenezwa kwa njia hiyo. Ni laini, haiogopi maji, na inastahimili joto. Kwa sababu hizohizo haishiki umbo: ukiilowesha na kuiwamba, ikikauka inarudi ilivyokuwa.

Fanya majaribio haya manne kwa mfuatano.

*Ukingo.* Kata kipande kidogo kwa wembe mpya utazame kati ya uso na upande wa nyuma. Rangi ya kahawia inaelekeza kwenye magome. Rangi ya kijivu au buluu iliyofifia katikati inaelekeza kwenye kromu. Ukiona utando wa rangi juu na kitambaa chini yake, hiyo si ngozi bali ni ngozi bandia, na hakuna hata hatua moja ya mwongozo huu itakayoifaa.

*Tone la maji.* Weka tone upande wa nyuma, ule wa nyama. Likizama upesi na kuacha doa la giza, ni dalili ya magome. Likikaa juu kama shanga, huenda ni kromu, au ngozi imejaa mafuta ya zamani. Jaribio hili peke yake usiliamini.

*Siki ya chuma.* Loweka waya wa chuma kwenye siki usiku mzima, chupa ikiwa imefunikwa bila kukazwa, maana hewa ya haidrojeni hutoka. Dondosha tone moja upande wa nyuma. Chuma kikikutana na tanini huwa cheusi: baada ya dakika chache ngozi ya magome itageuka kijivu kizito au nyeusi tii. Hiyo ndiyo sababu ya kukuonya kuhusu misumari, na ndiyo asili ya yale madoa meusi.

*Maji ya moto.* Tone la siki linaweza kukudanganya, kwa kuwa ngozi nyingi za kromu huongezewa tanini kidogo kiwandani ili zijae. Kwa hiyo kata ukanda wa sentimita 5 kwa 1, upime kwa rula, kisha uutumbukize kwenye maji ya nyuzijoto 90 za selsiasi kwa dakika moja. Ngozi ya magome huanza kunywea kati ya nyuzijoto 70 na 85 hivi. Ukanda utajikunja na kufupika mbele ya macho yako. Ngozi ya kromu iliyosindikwa vizuri huhimili hata maji yanayochemka, na itatoka na sentimita zake tano.

Ngozi nyingine, hasa za viti vya magari, husindikwa bila kromu wala magome. Ukingo wake ni mweupe au wa manjano, tone la siki haligeuki jeusi, lakini ukanda hunywea. Ichukulie kama ya kromu uende nayo hatua ya 8.

Onyo: wako watakaokushauri uchome kipande uone rangi ya majivu. Usifanye hivyo. Moto unaweza kuigeuza kromu iliyomo ikawa ya aina yenye sumu, inayodhuru mapafu na ngozi ya mwili wako. Kwa sababu hiyohiyo mabaki ya ngozi ya kromu hayachomwi jalalani wala hayachanganywi na mboji.

Hatua ya 3: Safisha na ufungue uso

Futa vumbi, kisha pitisha kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Ukungu ufute nje ya nyumba kwa spiriti iliyochanganywa na maji, sehemu saba kwa tatu, ukiwa umevaa barakoa. Acha ngozi ipate hewa siku nzima.

Kama uso una rangi nzito ya kiwandani, maji hayatapita. Huna haja ya kuibandua yote. Fanya kazi kupitia upande wa nyuma: sugua kwa msasa wa 220 hadi nyuzi zisimame kama manyoya, maji yatapitia huko. Binafsi napenda kuuacha uso na makovu yake. Alama ya mfuko uliokaa kifuani miaka mingi, mstari wa mshono wa zamani, weupe uliofifia kwenye kiwiko, hivyo ndivyo vinavyotofautisha kazi hii na ngozi mpya iliyotoka dukani.

Hakikisha pia kwamba rangi haichuji. Sugua uso kwa kitambaa cheupe chenye maji mara ishirini. Kitambaa kikipata rangi, vazi lako litahitaji bitana, la sivyo litamchafua atakayelivaa.

Hatua ya 4: Lowesha ngozi ya magome

Tumia maji ya kawaida au ya uvuguvugu, yasizidi nyuzijoto 40. Tumbukiza kipande kizima. Ukilowesha sehemu tu, maji yatasukuma rangi na uchafu hadi pale yanapokomea na kuacha mstari usiotoka. Viputo vikikoma kupanda, itoe. Ngozi iliyojaa mafuta ya zamani hugoma kunywa; mwagia matone mawili ya sabuni ya vyombo kwenye beseni uongeze muda.

Ukiitoa, usianze papo hapo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ilale usiku mmoja ili maji yaenee sawasawa hadi katikati. Asubuhi ifungue, iache hewani hadi rangi yake ya awali ianze kurejea, huku ukiigusisha shavuni bado ni baridi. Hapo ndipo inapofinyangika. Ngozi inayochuruzika maji hunyooka bila kushika alama. Iliyokauka mno hupasuka.

Hatua ya 5: Iwambe juu ya kalibu

Kwa mara ya kwanza chagua umbo ambalo kina chake hakizidi theluthi ya upana wake. Acha ukingo wa sentimita 3 hadi 4 kuzunguka kalibu, na uhakikishe matundu yote ya mshono wa zamani yameangukia kwenye ukingo huo. Tundu la sindano likikaa pale ngozi inapovutwa sana litapanuka na kuchanika, na ukilifunga kwa gundi litachanika jirani yake.

a) Bandika kalibu kwenye ubao. Kama ni ya chuma, ivalishe plastiki nyembamba kwanza.

b) Weka katikati ya ngozi juu ya kilele cha kalibu. Bonyeza kwa viganja, ukitoka kileleni kuelekea chini, bila haraka. Joto la mikono linasaidia.

c) Piga msumari mmoja kaskazini, mwingine kusini, kisha mashariki na magharibi. Halafu gawa nafasi zilizobaki nusu kwa nusu. Ukizunguka upande mmoja mfululizo, mikunjo yote itakusanyika pale unapomalizia. Wawambaji ngoma wanajua: ngozi huvutwa kwa kujibizana, upande huu na ule wa mbele yake.

d) Chukua kijiko cha mbao usugue pembeni, ukisukuma mikunjo midogo chini kuelekea ukingoni. Rudia kila baada ya dakika kumi na tano kwa saa moja. Mkunjo ulioshindikana mwanzo huweza kulala wenyewe ngozi inapoanza kukauka.

Ukitaka kona kali na ukingo bapa, kata tundu kwenye ubao wa pili kwa umbo la kalibu, kisha uukandamize ubao huo juu ya ngozi kama fremu. Tundu liizidi kalibu kwa unene wa ngozi kila upande: ngozi ya milimita 2.5 inataka tundu lililo pana kwa milimita 5 kuliko kalibu. Tundu likibana zaidi ya hapo litakwangua uso. Likiwa kubwa, kona zitakuwa butu.

e) Kausha kivulini kwa saa 24 hadi 48, mahali penye hewa inayotembea. Feni inaruhusiwa. Jua, jiko na mashine ya kukaushia nywele haviruhusiwi, kwa kuwa uso utakauka kabla ya moyo wa ngozi na nyufa zitafuata. Usibandue kabla ya wakati. Ibonyeze kwa kidole: ikiwa bado ni baridi, bado ina maji.

Hatua ya 6: Jaribu kufunga gololi

Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, na inafaa vipande vidogo ambavyo wengine huvitupa. Chukua ngozi ya magome nyembamba, iloweshe kama hatua ya 4, kisha weka gololi chini yake upande wa nyama. Vuta ngozi iifunike, uzungushe uzi wenye nta mara tano au sita shingoni, ukaze, ufunge fundo. Weka nyingine jirani. Unaweza kuzipanga kwa safu, kwa duara, au kuzirundika upande mmoja na kuzifanya zipungue kuelekea upande mwingine.

Kausha kabisa, siku mbili au tatu, maana penye uzi hukauka mwisho. Kata nyuzi kwa uangalifu na utoe gololi. Utabaki na ngozi yenye vinundu vitupu ndani, inayorudi mahali pake ukiibonyeza. Inapendeza kwenye mabega, mikono ya koti na uso wa mkoba.

Mambo matatu ya kuangalia. Vinundu hula ngozi: funga vitano kwanza kwenye kipande cha majaribio, pima kimepungua kiasi gani, ndipo ukate kipande cha kazi. Uzi mwembamba hukata uso wa ngozi, kwa hiyo tumia mnene au utepe wa pamba. Na usitumie maharagwe wala mbegu kavu badala ya gololi. Zinakunywa maji ya ngozi, zinavimba, na kinundu kinapasuka usiku ukiwa umelala. Kokoto za mviringo zinafaa, na kwa kuwa hazilingani, ngozi inapata sura ya kitu kilichoota chenyewe.

Hatua ya 7: Kaza kwa maji ya moto

Ulaya ya enzi za kati ilitengeneza deraya (mavazi ya kujikinga vitani), ala za visu na makasha kwa ngozi iliyokazwa kwa joto. Sisi tunahitaji vipande vidogo: kifungo, kisigino cha mkoba, kipande cha bega, bangili. Mbinu hii ni ya ngozi ya magome peke yake, na haina kurudi nyuma.

Pasha maji hadi nyuzijoto 80 uyashikilie hapo. Kata kanda nne za ngozi ileile utakayoitumia, kila moja sentimita 10 kwa 2, na zote ziwe zimeshaloweshwa. Ya kwanza izamishe sekunde 15, ya pili 30, ya tatu 45, ya nne 60. Zitoe kwa koleo, andika namba, ziache zikauke, kisha pima urefu, unene na uzikunje. Ukanda wa sekunde chache utakuwa mgumu kiasi na bado unapinda. Ule wa mwisho unaweza kuwa umepoteza theluthi ya urefu wake, umenenepa, umekuwa mweusi, na ukiukunja unavunjika. Kati ya hizo nne mojawapo ndiyo unayoitaka. Kanda hizi zigundishe daftarini.

Ukijua sekunde zako, zamisha kipande cha kazi, kitoe, na una dakika moja au mbili ambamo kinanyumbulika kama mpira. Kibane juu ya kalibu haraka ukifunge kwa uzi. Kalibu iwe tayari mezani kabla hujazamisha, pamoja na glavu nene.

Onyo: usiiweke ngozi ya moto juu ya mwili wa mtu ili ichukue umbo la bega lake. Inashikilia joto na inabana inapopoa. Tengeneza nakala ya bega kwa tabaka za karatasi na gundi, au kwa mfuko wa mchanga ulioshonwa, uwambie hapo.

Nilipoteza mkanda mmoja mzuri wa tandiko kwa kuamini kwamba sekunde zilizofaa kwenye mkanda wa kwanza zingefaa hata kwa wa pili. Ulikuwa na rangi ileile na unene uleule, lakini tanini yake ilikuwa nyingine. Siku hizi kila ngozi mpya inayoingia mezani napima kanda zake nne upya, hata kama zimetoka kwenye begi moja.

Hatua ya 8: Kama ngozi ni ya kromu

Usiitupe na usiilazimishe kushika umbo kwa maji. Ipe umbo kwa muundo. Njia tatu zimenifaa.

*Mipasuo.* Chora mistari ya sentimita 3, nafasi ya sentimita 1 kati ya mwisho wa mmoja na mwanzo wa mwingine. Safu inayofuata iwe sentimita 1 chini yake, na mipasuo yake ikae katikati ya nafasi za safu ya juu, kama matofali yanavyopangwa ukutani. Toboa tundu la milimita 2 kwenye kila ncha kabla ya kukata. Bila tundu, mpasuo utaendelea kuchanika kila vazi linapovutwa. Ukiivuta, ngozi itafunguka kama wavu na kukaa kwenye mviringo wa bega au nyonga bila pensi (mkunjo unaoshonwa ili vazi lifuate mwili) hata moja. Pia kipande kidogo hufunika eneo kubwa zaidi, jambo zuri kwa mtu anayefanya kazi na mabaki.

*Tabaka.* Kata vipande viwili, sugua kwa msasa pande zitakazogusana, paka gundi ya maji, kisha vikunje pamoja juu ya kalibu na uvibane kwa saa 24. Kila kipande peke yake kinalegea, lakini vikigandana haviwezi kuteleza, na mkunjo unabaki. Kipande cha nje kikate kikubwa kidogo, maana kina njia ndefu ya kuzunguka. Mbinu hii inafaa mikunjo ya upande mmoja, kama bangili au kola. Kwa umbo la bakuli haifai.

*Kufuma.* Kata vipande vidogo vinavyolingana vyenye masikio na matundu, uviingize kimoja ndani ya kingine bila gundi. Kampuni ya Elvis & Kresse ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2005 kwa kutengeneza mikoba kutokana na mipira iliyochakaa ya zimamoto, hufuma vipande vya mabaki ya ngozi kwa mtindo wa aina hii, na mwaka 2017 iliingia ushirikiano wa miaka mitano na wakfu wa Burberry kwa ajili ya mabaki ya ngozi ya nyumba hiyo ya mitindo. Faida yake ni kwamba kipande kimoja kikiharibika unakichomoa na kukiweka kingine.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo kuhusu gundi. Kila mahali mshono unapotosha, shona. Vazi lililoshonwa litafumuliwa na mtu mwingine miaka ijayo kama ulivyolifumua wewe hili. Lililogandishwa lote kwa gundi kali halina safari nyingine. Gundi za kutengenezea viatu zina mvuke mbaya pia, ukilazimika kuzitumia fanyia nje.

Hatua ya 9: Maliza

Toboa matundu ya mshono baada ya ngozi kukauka, kwa kuwa matundu ya kabla huhama. Sugua kingo kwa msasa wa 400 kisha 600, zilowanishe kidogo uzisugue kwa mbao hadi zing'ae. Kingo za kromu hazing'ai hivyo, zikunje ndani. Paka nta ya nyuki nyembamba. Mafuta yawe haba sana, kwa kuwa mafuta mengi hulegeza umbo ulilohangaikia siku tatu.

Mambo yakienda kombo

*Umbo limelegea baada ya kubandua.* Rudi hatua ya 2, huenda ni kromu. Kama una hakika ni ya magome, basi ni nyembamba mno au uliibandua ikiwa na maji. Ilowanishe tena uiwambe upya. Ngozi ya magome inakubali kurudiwa mara kadhaa.

*Mikunjo pembeni haiishi.* Kina ni kikubwa kuliko uwezo wa kipande. Tumia kalibu ya kina kidogo, au kata pembetatu ndogo ukingoni uzishone baadaye.

*Madoa meusi.* Chuma kimegusa tanini. Paka maji ya limau kwa pamba, subiri dakika chache, futa, kisha lowesha kipande kizima kwa maji safi. Doa changa hufifia. La zamani hubaki. Wengine hulikubali na kuipaka ngozi yote siki ya chuma iwe nyeusi, na mara nyingi hutoka nzuri.

*Mabaka ya maji.* Ulilowesha sehemu. Tumbukiza kipande chote, kiache kikauke sawasawa.

*Nyufa juu ya uso.* Ilikauka upesi au ilikuwa imeshachoka. Nyufa ndogo hutulia kwa nta ya uvuguvugu. Zilizoingia ndani haziponi, kata sehemu nzima utumie iliyobaki.

*Ukungu umeota ikiwa kwenye kalibu.* Hewa haikutembea. Futa kwa spiriti, sogeza karibu na feni, na wakati mwingine toboa matundu machache kwenye kalibu.

*Imekuwa ngumu na inavunjika baada ya maji ya moto.* Hiyo hairudi. Ikate kwa msumeno mwembamba iwe vifungo na shanga. Kifungo cha ngozi ya kukazwa ni kigumu kuliko unavyodhani, na koti linalosubiri vifungo halikosekani.

*Tabaka zimebanduka.* Utando wa rangi ya kiwandani ulibaki chini ya gundi. Sugua hadi uone nyuzi, gundisha tena, na safari hii pitisha mshono mmoja ukingoni.